GEMU NI TAMU, LAKINI MWILI UNADAI: Yanayokupata ukicheza usiku kucha

PITA Kayole, Githurai, Umoja au Rongai saa kumi na mbili jioni na hutakosa kusikia kelele za goli kutoka kwa kibanda cha mabati kilichofurika vijana. Ndani mna televisheni mbili tatu, PlayStation iliyokula chumvi, pedi zilizofungwa kwa selotepu na benchi lisilo na pa kuegemea. Sheria ya humo inajulikana na kila mtu: anayeshindwa ndiye analipa, mshindi habanduki.

Kejani nako mambo ni yale yale. Siku hizi huhitaji konsoli ya maelfu ya pesa. Simu ya kawaida tu inatosha kukuingiza kwenye eFootball, PUBG Mobile, Free Fire au Call of Duty Mobile, na mara unashtukia muadhini anaita alfajiri, matatu za kwanza zinapiga honi stejini, na wewe bado unajiambia hii ndiyo gemu ya mwisho.

Wazazi wengi wameamua yaishe. Heri mtoto akeshe mbele ya skrini kuliko akeshe konani na magenge au kwenye baa. Hoja hiyo ina uzito, hasa mtaani ambako kazi ni haba na viwanja vya kuchezea vimegeuzwa maegesho na ploti. Lakini kuna upande mmoja ambao hauzungumziwi sana. Ukitajwa ubaya wa gemu, watu hukimbilia masomo, tabia na pesa. Mwili wenyewe, yaani macho, vidole, shingo, damu na moyo, husahaulika hadi siku utakapogoma.

Tuelewane mapema: tatizo si gemu. Tatizo ni masaa.

Kwanza, je, wewe ni mraibu?

Mnamo Mei 2019, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ziliidhinisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, na ndani yake ukaorodheshwa uraibu wa michezo ya video. Orodha hiyo ilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Usikurupuke kumwita kila rafiki yako mgonjwa, lakini. WHO inataka yaonekane mambo matatu: mtu ashindwe kujizuia kucheza, gemu ipewe nafasi ya kwanza kuliko shughuli nyingine za maisha, na aendelee kucheza hata baada ya kuona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 hivi, na imeharibu masomo, kazi au uhusiano wake na watu. Shirika hilo lenyewe linasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaofika hapo.

Ila si lazima uwe mraibu ndipo uumie. Mgongo haujali kama umeshikwa na uraibu au unamalizia tu ligi ya wikendi. Unahesabu muda uliokaa umejikunja, basi.

Macho yanayosahau kupepesa

Katika hali ya kawaida binadamu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Kila kope inaposhuka hueneza machozi juu ya jicho na kulilainisha. Ukikazia skrini, idadi hiyo hushuka hadi chini ya nusu. Ndiyo maana baada ya saa kadhaa macho huwasha, huwa mekundu, huchoma kana kwamba yameingia mchanga, na maandishi huanza kuonekana kama yako ndani ya ukungu.

Aidha, misuli midogo inayolisaidia jicho kuona vitu vya karibu huwa imekazwa muda wote huo. Fikiria umebeba mtungi wa maji kwa mkono mmoja saa tano bila kuutua. Kichwa kinachokuuma usiku wa manane chanzo chake mara nyingi huwa hapo, wala si malaria unayoishuku.

Nchini Marekani na Canada, watafiti waliwauliza wachezaji 65 wa timu za gemu za vyuo vikuu kuhusu afya yao, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Wachezaji hao walikuwa wakifanya mazoezi ya gemu kati ya saa tatu na saa 10 kwa siku. Asilimia 56 walilalamikia uchovu wa macho, asilimia 42 maumivu ya shingo na mgongo, asilimia 36 kifundo cha mkono na asilimia 32 kiganja. Asilimia 40 hawakuwa wakifanya mazoezi yoyote ya mwili.

Na wangapi walikuwa wamemwona daktari? Asilimia mbili pekee. Wengi walikuwa wakiumia na kunyamaza, kama wewe.

Kidole gumba kinapokatika bila kuuma

Ubishi wa madaktari na vidole vya wachezaji ulianza zamani. Mwaka wa 1990, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumia kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo. Mwaka wa 2007 jarida hilo hilo likachapisha kisa kingine, safari hii cha daktari kijana aliyeamka bega likimuuma sana. Alikuwa amecheza tenisi ya Wii, ile ambayo unarusha mkono hewani mbele ya televisheni, hadi misuli ya bega ikafura.

Lakini kisa kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi kilitokea Marekani na kikaripotiwa mwaka wa 2015. Mwanamume wa miaka 29 alicheza gemu ya kulinganisha picha kwenye simu kutwa nzima, kila siku, kwa wiki sita hadi nane. Mwishowe kano ya kidole gumba chake ikakatika, akalazimika kufanyiwa upasuaji.

Jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba hakusikia maumivu alipokuwa akicheza. Kano huuma kabla ya kukatika, na maumivu hayo ndiyo king'ora cha mwili. Waliomtibu walishuku kwamba raha ya gemu ndiyo iliyozima king'ora hicho. Unapofunga bao la dakika ya 90, ubongo humwaga kemikali za furaha ambazo hupunguza uchungu. Kwa hivyo ukisema "mimi siskii kitu", huenda ni kweli husikii. Hiyo haimaanishi hakuna kitu.

Kinachoumia hasa ni kano na neva. Kano ni kamba zinazounganisha misuli na mfupa. Ukirudia mwendo mmoja maelfu ya mara bila kupumzika, zinasuguana, zinafura na kuwaka moto. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano pamoja na neva, na uvimbe ukiibana neva hiyo, vidole huanza kufa ganzi, hasa usiku. Kikombe cha chai kinakuponyoka. Kufungua kifuniko cha soda kunakuwa kibarua.

Shingo ya kobe

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano. Ukisimama wima, pingili za shingo hubeba uzito huo bila taabu. Lakini mwaka wa 2014, daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo jijini New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kinachotokea kichwa kinapoinama. Kwa mwinamo wa nyuzi 60, ambao ndio ule wa kutazama simu ikiwa mapajani, mzigo unaofika shingoni hulingana na kilo 27.

Kilo 27 ni zaidi ya nusu gunia la saruji. Hebu jiulize kama ungekubali kubebeshwa mzigo huo shingoni kutoka saa mbili usiku hadi saa tisa.

Benchi la kibandani nalo halisaidii. Mwili unajikunja, mabega yanakuja mbele, mgongo wa chini unabaki bila mhimili. Ukiwa na miaka 17 unaamka, unajinyoosha, unaendelea na maisha. Ukiwa na 25 unaanza kuamka ukiwa umeshika kiuno kama mzee wa kijiji.

Damu iliyosimama

Haya yote yanaudhi, lakini hayaui. Kuna moja linaloua.

Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini kupanda kurudi moyoni inahitaji msukumo. Msukumo huo hutoka kwa misuli ya kigimbi, ambayo hubana mishipa kila unapotembea. Ukikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, pampu hiyo huzimwa. Damu inatulia, inakuwa nzito, na inaweza kuganda na kuwa donge. Donge likichomoka husafiri hadi mapafuni na kuziba mshipa. Mtu anaweza kuanguka na kufa kwa dakika chache.

Wengi huhusisha hali hii na safari ndefu za ndege. Lakini mwaka wa 2003 madaktari wa New Zealand waliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 32 aliyeponea chupuchupu baada ya damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Hakuwa amepanda ndege. Alikuwa mtu wa kukaa mbele ya kompyuta hadi saa 12, wakati mwingine 18, kwa siku.

Kijana wa miaka 20 kutoka Sheffield, Uingereza, hakubahatika hivyo. Alifariki mwaka wa 2011 kutokana na donge la damu mapafuni, na ilielezwa kwamba alikuwa na mazoea ya kucheza Xbox hadi saa 12 kwa mkupuo. Babake aliamua kujitokeza hadharani kuwaonya vijana wengine.

Barani Asia kuna visa vya moyo kushindwa. Mwaka wa 2005, mwanamume wa miaka 28 alifariki baada ya kuanguka mkahawani katika jiji la Daegu, Korea Kusini, akiwa amecheza StarCraft karibu saa 50 akipumzika kwa vipindi vifupi tu. Januari 2015, mwingine wa miaka 32 alikutwa amekufa katika mkahawa wa intaneti jijini Kaohsiung, Taiwan, baada ya siku tatu za kucheza. Waliokuwa karibu naye walidhani amelala tu.

Visa kama hivi ni nadra, na mamilioni hucheza kila siku bila kufa. Lakini ona kinachofanana: hakuna hata mmoja aliyeuawa na gemu yenyewe. Ni kukaa, kukesha na kutokula.

Masikio nayo

Ukitaka kuelewa hili, ingia kibandani Jumamosi mchana. Sauti ya televisheni nne, vijana 20 wakipiga mayowe, na spika ya muziki mlangoni. Uchambuzi wa tafiti 14 zilizohusisha zaidi ya watu 50,000, uliochapishwa mwaka wa 2024, ulionyesha kwamba kelele katika vituo vya gemu hufikia desibeli 80 hadi 89.

WHO inasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hugawanywa mara mbili. Ukifika desibeli 90, umebakishiwa saa nne tu kwa wiki nzima. Hizo saa nne watu huzimaliza Ijumaa jioni.

Wanaovaa hedifoni ili wasikie nyayo za adui hawako salama pia, maana milio ya bunduki na mabomu hupenya ghafla kwa nguvu. Seli za sikio zikifa hazioti tena. Ukilala ukasikia mlio mwembamba masikioni kama wa mbu asiyeonekana, huo ni ujumbe.

Usingizi, sukari na moyo

Mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi 10 kwa usiku. Mtu mzima, angalau saba. Mwanga wa skrini huuhadaa ubongo ukadhani bado ni mchana, na msisimko wa gemu huufanya moyo uende mbio wakati ulipaswa kupunguza kasi. Hata ukizima saa saba, usingizi haukujii hadi saa nane na nusu, na darasa au kazi haitakungoja.

Hapo ndipo kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu huingia. Kopo dogo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na baada ya kama saa tano nusu yake bado iko mwilini. Ongeza sukari ya soda, chipsi mwitu na smokie za saa nne usiku, halafu usisogee. Tumbo litaanza kutokeza, na sukari ya damu kupanda.

Ukidhani hilo ni la wazee, msikilize Jian Zihao wa China, aliyefahamika duniani kwa jina la Uzi. Alikuwa miongoni mwa wachezaji bora zaidi wa League of Legends. Juni 2020, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alitangaza kustaafu kwa sababu za kiafya. Alisema miaka ya msongo, ulaji mbovu na kukesha ilimletea kisukari cha aina ya pili, na mkono wake nao ulikuwa umechakaa. Mwingine, Hai Lam wa timu ya Cloud9 ya Marekani, aliachia nafasi yake mwaka wa 2015, kifundo cha mkono kikiwa mojawapo ya sababu.

Hawa ni watu waliolipwa kucheza, wenye makocha na viti vya kifahari. Wewe una benchi.

Si kila kitu ni kibaya

Itakuwa uongo kusema gemu ni sumu. Utafiti uliofanyiwa madaktari 33 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2007 uligundua kwamba waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera, na walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 27. Lakini soma tena: saa tatu kwa wiki, si kwa usiku.

Isitoshe, gemu ni ajira kwa baadhi. Mwaka wa 2023 michezo ya kielektroniki ilishindaniwa medali katika Michezo ya Asia huko Hangzhou, China. Hapa nyumbani, Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, amelitangaza jina la Kenya kupitia Tekken. Kijana mwenye ndoto kama hiyo ndiye anayepaswa kuutunza mwili kuliko wote, kwa sababu mikono na macho ndiyo vyombo vyake vya kazi. Hakuna mkimbiaji wa Iten anayefanya mazoezi saa 14 kwa siku bila kupumzika.

Serikali nyingine zimejaribu kuwazimia vijana. Korea Kusini ilipiga marufuku walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuanzia 2011, kisha ikaifuta sheria hiyo mwanzoni mwa 2022, vijana wakiwa wameshahamia kwenye simu ambazo haikuzigusa. China nayo tangu 2021 huwaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Huku kwetu, swichi iko mikononi mwako.

Fanya hivi

Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Mechi ikiisha na ingine inapakia, huo ni wakati tosha. Pepesa kwa makusudi.

Usipitishe saa moja bila kusimama. Tembea hadi mlangoni, panda ngazi, nenda kachote maji. Ukiwa umeketi, inua visigino juu na chini mara 20 ili damu isilale.

Leta simu kwenye usawa wa macho badala ya kuipelekea kichwa. Tafuta kiti chenye mgongo, miguu iguse sakafu. Kunjua vidole, zungusha vifundo vya mikono kabla na baada ya kucheza.

Weka chupa ya maji kando, si kopo la kafeini. Kula kabla ya kuanza, usile huku ukicheza.

Zima skrini saa moja kabla ya kulala, na simu ilale mbali na mto.

WHO inapendekeza angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, na dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima. Haigharimu jimu. Kutembea kutoka stejini badala ya kupanda boda ni mazoezi. Mpira wa kweli, ule unaochafua viatu, ni mazoezi.

Na usingoje mambo yaharibike. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa moto na kuuma kigimbini, au ukikosa pumzi ghafla na kifua kukubana, hiyo si ya kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na umwambie daktari umekaa muda gani. Vidole vikifa ganzi kwa zaidi ya wiki mbili, au ukiona ukungu hata ukiwa umepumzika, nenda zahanati. Mwili ukitetemeka ukazimia mbele ya taa zinazomweka, acha gemu hiyo kabisa hadi uchunguzwe, kwani wapo watu ambao mimweko hiyo huwaamshia kifafa.

Kama umejaribu kupunguza ukashindwa, usione haya kumwambia mtu: mzazi, mwalimu, dada mkubwa au mshauri wa chuo. Kuomba usaidizi si kushindwa mechi.

PlayStation ikiharibika kuna fundi River Road, na pedi ikichoka unanunua nyingine. Jozi ya mikono na macho uliyo nayo ndiyo hiyo hiyo utakayozeeka nayo. Kwa hivyo cheza, furahia, wachape wenzako mabao manne ukitaka. Halafu simama.